UZI: Vitu vya mbao vya kale vilivyookolewa dampo hapa Tanga, njooni tuvitambue kimoja kimoja

Mwana wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni kwa mliotutangulia, na wengine habari za saa hizi.

Huku kwetu Tanga imebomolewa nyumba ya zamani, zile za kuta nene za mawe na chokaa zilizoezekwa kwa boriti. Vifusi vimepelekwa dampo, na pamoja navyo wamepakia kila kilichokuwa stoo na uani. Vijana wanaookota chuma chakavu walishang'oa karibu vyuma vyote, mbao zikabaki zinasubiri mama lishe aje kununua kuni. Nimezungumza nao, nikawalipa bei ya kuni, guta likanishushia mzigo nyumbani. Nimeupanga barazani chini ya kivuli na sijaosha kitu. Picha nimeziweka.

Mbuzi ya kukunia nazi na mchi uliopasuka sihitaji kuuliza. Hivi vingine nataka nijue vilifanya kazi gani, kwa sababu mtu aliyevichonga alikuwa na sababu ya kila tundu na kila mkunjo.

Namba 1: gogo dogo la mviringo, ukubwa kama kichwa cha mtu, kwenda juu ni shubiri moja hivi. Limechongwa laini sana pembeni, juu ni bapa, chini lina tundu.

Namba 2: kijiti kinene kama mpini wa nyundo. Katikati pameingia ndani na panang'aa, na ncha moja ina mpasuko wenye kutu. Kilikuwa pamoja na kitu kama kifuniko kidogo cha mti chenye kishimo chini.

Namba 3: pande la mti lenye umbo la yai, lina mpasuo mpana katikati, na ndani ya mpasuo kuna gurudumu la mti linalozunguka mpaka leo.

Namba 4: nguzo iliyozidi urefu wangu, upana kama kiganja. Mbele ina nakshi ya mnyororo pembeni na maua katikati. Nyuma ni wazi, ina matundu ya misumari tu.

Namba 5: kibao chenye umbo la unyayo, chini kina visigino viwili, juu kina kigingi chenye kichwa cha duara.

Namba 6: chombo cha mti kama kopo kubwa, kimechimbwa katika gogo moja, mdomoni kina ukanda wa chuma.

Namba 7: kipande cha ubao kilichovunjika, kina vishimo 16, safu nne za vishimo vinne vinne. Kimoja si cha duara, ni cha mraba.

Namba 8: ndiyo inayonikosesha usingizi. Ubao mzito kupita kiasi, mrefu kama hatua moja na nusu, upande mmoja una mashimo mawili ya duara yasiyotokea ng'ambo. Katikati kuna tundu dogo lenye kutu.

Karibuni.

---

Bibi wa Mwembe Tayari

Mwanangu, marahaba. Hiyo ya kwanza usiite gogo. Hiyo ni faroma. Kofia ikishafuliwa ikatiwa wanga, huvishwa faroma ikiwa mbichi ikaachwa ikauke, isinywee na isipoteze umbo. Kofia ya kushonwa kwa mkono mtu huishughulikia kwa miezi, hawezi kuianika kwenye kamba kama fulana. Hapa Mombasa kila nyumba ya mshona kofia ilikuwa na faroma kadhaa, kwa kuwa vichwa havilingani. Tundu la chini ni la kushikia, wengine waliisimamisha kwenye kijiti.

Itazame vizuri pembeni, utaona weupe umeganda kwenye vinyweleo vya mti. Hiyo ni wanga ya miaka na miaka. Tafadhali usiisugue.

Na ya tano ni mtalawanda. Hicho kigingi ni msuruaki, hukaa kati ya kidole gumba na cha pili. Ulivaliwa chooni na wakati wa kutawadha, sakafu ya chokaa ikiwa na maji mguu haugusi chini. Angalia wa pili kwenye huo mzigo, ilikuwa lazima iwe miwili.

---

Mwana wa Chumbageni

Bibi, Mungu akuzidishie. Weupe upo, upande mmoja umeshika hasa. Wa pili wa mtalawanda sijauona, nitarudi dampo kuwauliza vijana.

---

Fundi wa Majahazi, Unguja

Salaam aleikum jamaa. Namba 2 nimeitumia kwa mikono yangu hii. Hiyo keekee. Hicho kijiti ndio msukano, hicho unachokiita kifuniko ndio jivu, na kilichokosekana ni uta na kile chuma chenyewe cha kutobolea, ambacho bila shaka kimekwenda na vyuma chakavu. Unakaza jivu kwa mkono wa kushoto juu ya kichwa cha msukano, kamba ya uta umeizungusha pale palipong'aa, mkono wa kulia unakwenda mbele nyuma kama anayekata kwa msumeno. Chuma kinatoboa. Kwenye chombo cha baharini hupigi msumari kwenye ubao mkavu bila kutoboa kwanza, ubao utapasuka na maji yataingia. Mpaka leo ukienda wanakojenga majahazi na ngalawa utaikuta, pamoja na tezo (kishoka cha kuchongea) na patasi.

Sasa tazama pale palipong'aa. Kama mng'aro umeizunguka sehemu yote sawasawa, ni keekee iliyofanya kazi. Mti uliochongwa juzi kuuzwa kama pambo haung'ai hapo, unang'aa mahali pote kwa sababu umepakwa rangi ya viatu.

Namba 3 ni kapi, wengine wanaita roda. Imetoka chomboni. Henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, inapita humo kupandisha foromali (mti unaobeba tanga) na tanga lake. Nipe jibu la maswali mawili: mhimili wa hilo gurudumu ni wa mti au chuma? Na mashavu ya kapi yamelika upande gani?

---

Mwana wa Chumbageni

Shikamoo fundi. Mhimili ni wa mti. Shavu moja lina mfereji uliochimbika pembeni, jingine halina.

---

Fundi wa Majahazi, Unguja

Marahaba. Basi hilo limefanya kazi miaka mingi kwenye chombo kimoja, likivutwa kwa upande mmoja kila siku. Kamba ya nazi inakula mti, na kamba ikiingia mchanga inakula zaidi. Mhimili wa mti umelinusuru, ungekuwa wa chuma kutu ingeupasua zamani. Linuse. Kama lina harufu ya mafuta ya papa, hayo ndiyo tunayaita sifa, tulipaka vyombo ili mti usinywe maji.

Mwenye nyumba hiyo ama alikuwa nahodha ama alikuwa na hisa chomboni. Keekee na kapi havikai stoo moja kwa bahati.

---

Soko Huria

Mkuu wa uzi, ushauri wangu wa bure: piga msasa vyote, pakaza vanishi, peleka kwa wenye maduka ya watalii. Hiyo nguzo ya nakshi peke yake ni hela nzuri.

---

Msomi wa Malikale

Nakuomba sana usifuate ushauri huo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza msasa. Kila alichokisema fundi na bibi hapo juu kimesomwa kwenye ngozi ya mti: wanga kwenye faroma, mng'aro kwenye msukano, mfereji kwenye kapi. Hiyo ngozi ni nyembamba kuliko ukucha. Ukipitisha msasa mara moja unabaki na mti mzuri usioweza kueleza chochote. Vanishi nayo inafunga uchafu, inaziba harufu, na kuitoa baadaye ni kazi kubwa inayomaliza hata kilichobaki. Brashi laini kavu inatosha. Mafuta ya taa, dizeli na oili chafu ambavyo watu wetu hupenda kupaka kuzuia mchwa, usivitumie kwenye vitu hivi.

Pili, namba 4. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda milango na fremu za milango ya mbao zilizonakshiwa kabla ya mwaka 1940. Haisemi mlango mzima tu. Na vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vina ulinzi wake pia. Kwa hiyo hiyo nguzo si mali ya kupeleka dukani kimyakimya, na kuitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Zanzibar wana sheria zao na Mamlaka yao ya Mji Mkongwe, na wenzetu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2006 inayosimamiwa na Makumbusho ya Taifa, ambayo mpaka wake kwa vitu vya kale ni mwaka 1895. Kila mmoja aulize kwao.

---

Mchonga Nakshi, Lamu

Nimeiona picha ya namba 4. Huo ni mfaa. Mlango wetu wa kale una mabawa mawili, na mfaa ni ule mti wa katikati unaopigiliwa kwenye bawa moja ukaja kufunika mwanya baina ya mabawa. Ndio maana nyuma ni wazi na una matundu ya misumari. Mbele ndiko kwa kutazamwa na mgeni.

Ndugu yangu, naomba picha ya karibu ya matundu ya misumari. Nataka kuona kama ni ya mraba au ya duara.

---

Mwana wa Chumbageni

Mengi ni ya mraba, yamezungukwa na weusi ulioingia ndani ya mti. Mawili matatu karibu na chini ni ya duara na madogo.

---

Mchonga Nakshi, Lamu

Alhamdulillahi, hilo ni jambo kubwa. Tundu la mraba ni la msumari uliofuliwa na mhunzi. Msumari wa duara, wa waya, ulienea baadaye, mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea. Kwa hiyo mfaa ulipigiliwa kwa misumari ya mhunzi, na baadaye mtu akautengeneza kwa misumari ya dukani. Huo weusi ni chuma kilichokutana na mti wenye dawa yake ya asili, hauji kwa mwaka mmoja. Anayetaka kughushi hupiga msumari mpya akaumwagia siki, lakini weusi wake hukaa juu juu.

Geuza mti nyuma, kwenye upande usiotazamwa. Je, unaona nini? Mistari ya upinde, mistari iliyonyooka, au vikombe vikombe vifupi?

---

Mwana wa Chumbageni

Vikombe vikombe, kama magamba makubwa. Ukipitisha mkono unavisikia.

---

Mchonga Nakshi, Lamu

Tezo hiyo. Mistari ya upinde ingekuwa ya msumeno wa duara wa mashine. Mistari iliyonyooka isiyolingana ingekuwa ya msumeno wa watu wawili. Fundi wako alichonga nyuma kwa tezo akaacha hivyo, nguvu zake akaziweka mbele. Siku zote angalia nyuma ya kitu kabla ya mbele, mbele ilifanywa ipendeze, nyuma ilifanywa iishe.

Kuhusu mti wenyewe: mlango wa kale wa pwani ni msaji uliokuja kwa jahazi kutoka Bara Hindi, au mvule, au mfenesi. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana, si mbele tafadhali. Msaji una mafuta mkononi na harufu kama ngozi iliyotengenezwa. Mfenesi ni wa manjano ukikwanguliwa, hata kama juu umekuwa kahawia. Mvule ni kahawia ya dhahabu, na mara nyingine patasi hugonga vijiwe vyeupe ndani yake, ni chokaa inayoota ndani ya mti. Vijiwe hivyo vinaharibu patasi.

---

Mwana wa Chumbageni

Manjano, mkuu. Manjano kabisa.

---

Mchonga Nakshi, Lamu

Mfenesi. Huenda ni fundi wa hapa hapa pwani, basi.

---

Kijana wa Kampala

Habari zenu. Namba 7 inafanana na omweso, mchezo wetu wa ubao wa Buganda. Safu nne, vishimo vinane kila safu, kete 64. Labda nusu imevunjika.

---

Mzee wa Kisiju

Kijana wa Kampala, uko karibu, maana michezo hiyo ni ndugu. Bao letu la Kiswahili nalo lina safu nne za vishimo vinane na kete 64. Ila omweso hauna kishimo cha mraba. Bao la Kiswahili linacho, nacho ni nyumba. Kila mchezaji ana nyumba yake kwenye safu ya mbele, kishimo cha tano kuanzia kushoto kwake. Sasa kaa chini uhesabu: ubao ukivunjika katikati kabisa, kila nusu inabaki na nyumba moja tu, nayo lazima iwe kwenye safu ya ndani na iwe jirani na palipovunjika. Mwenye uzi atuambie kishimo chake cha mraba kipo wapi.

---

Mwana wa Chumbageni

Mzee wangu, shikamoo. Kipo safu ya ndani, kinagusana na palipovunjika.

---

Mzee wa Kisiju

Marahaba. Basi ni nusu ya bao, na nusu nyingine ina nyumba ya yule wa pili. Nyumba ya mwenye uzi huu imezungukwa na weusi kuliko vishimo vingine? Ndipo mkono unapotua na kuchota sana. Na pembezoni, kwenye kona, bao la zamani huwa na shimo kubwa la kuwekea kete za akiba. Ukipata kipande chenye shimo hilo, usidhani ni cha kitu kingine.

Namba 6 naona watu wameiruka. Hicho ni kipimo. Mizani ya dukani ilipokuwa haijaenea, nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili kisaga kimoja, visaga viwili pishi moja. Ukanda wa chuma mdomoni unazuia mwenye duka asipunguze mdomo kwa kisu, na unazuia mti usilike kwa kijiti cha kusawazishia. Huhitaji kubahatisha. Jaza mchele mkavu, sawazisha kwa kijiti, kisha pima huo mchele kwenye mizani. Pishi itakupa karibu kilo 2.7, kisaga nusu yake, kibaba robo yake.

---

Mwana wa Chumbageni

Nimeazima mizani ya jirani mwenye duka. Kilo moja na gramu 330.

---

Mzee wa Kisiju

Kisaga, na cha halali. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa haki.

---

Msomi wa Malikale

Hii ni mbinu nzuri sana mzee. Naongeza kwamba mchele uliotumika kupima usipikwe. Hatujui humo ndani pamekaa nini baada ya kipimo kuacha kazi: sumu ya panya, rangi, dawa ya mbegu.

Na kwa wanaosoma uzi huu wakaenda dampo kutafuta: kuna mbao ambazo hazifai kuguswa mikono mitupu. Gogo zito jeusi linalonuka lami linaweza kuwa taruma la reli (mti unaolazwa chini ya vyuma vya reli) au kipande cha nguzo ya umeme. Kwenu Tanga reli ilianza kujengwa mwaka 1893, kwa hiyo si ajabu kukuta kipande cha namna hiyo. Mti uliotiwa dawa ya namna hiyo usiuchome jikoni, usiufanye ubao wa kukatia nyama, wala usiuweke anapolala mtoto.

---

Mama wa Raskazone

Jamani mie nina swali la vitendo. Niliwahi kuchukua kinu cha zamani namna hiyo, baada ya wiki unga unga mweupe ukaanza kudondoka chini yake. Mnafanyaje?

---

Msomi wa Malikale

Dada, huo ni bungua, anakula ndani. Kama kitu ni kidogo na una friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri, kifunge vizuri ndani ya nailoni, toa hewa, kiache humo wiki moja au zaidi, kisha kitoe na ukiache ndani ya nailoni mpaka kirudie joto la chumba, umande usitue juu yake. Kinu kikubwa hakiingii friza, basi kitenge mbali na vingine, kiinue kwenye matofali, na kila siku futa unga ili ujue kama mpya unatoka. Unga usipotoka tena huenda mdudu alishaondoka na yale ni matundu ya zamani. Usikianike juani kwa hasira. Mti uliokaa kwenye unyevu ukikauka ghafla unapasuka.

Fundi wa Majahazi atakubaliana nami kwamba matundu yenye utando mweupe mgumu ndani yake kama chokaa ni jambo jingine. Huyo ni mdudu wa baharini. Ukiyaona kwenye ubao uliookotwa mjini, ujue ubao huo ulikuwa majini kabla haujawa sehemu ya nyumba.

---

Fundi wa Majahazi, Unguja

Kweli kabisa. Nyumba nyingi za pwani zina mbao za chombo kilichovunjwa. Ukikuta mti umepinda wenyewe kama goti na una matundu makubwa kwa mpangilio, usiseme umeharibika. Fundi aliutafuta msituni ukiwa umepinda hivyo, aufanye taruma la chombo, yaani ubavu wake. Mti ulionyooka ukikatwa uwe na umbo la kupinda, nyuzi zake zinakatika, unavunjika siku ya wimbi la kwanza.

---

Mwana wa Chumbageni

Wakuu, tumebaki na namba 8. Jirani anasema ni sehemu ya kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta, kile kilichozungushwa na ngamia. Mwingine anasema ni hori la kunyweshea kuku. Mimi nimeupima: mashimo yanaachana kama sentimita 120 hivi. Ndani ni meusi na laini, upana wake kidole gumba kinaingia na nafasi inabaki.

---

Mzee wa Kisiju

Vinu vya ngamia vilikuwepo Unguja na Lamu, hilo kweli. Lakini kinu cha mafuta ni gogo kubwa lililosimama lenye shimo moja kubwa, na mti huo ungelowa mafuta mpaka ndani. Mashimo mawili madogo hayashindiki kitu. Na hori la kuku halina haja ya ubao wa uzito huo.

---

Mchonga Nakshi, Lamu

Mwenye uzi, jibu pole pole.

Moja: mashimo yamelika kwa mviringo kamili, au yana pembe?

Mbili: ule upande wenye mashimo, baina ya shimo na shimo, uso wa ubao ni tambarare?

Tatu: mti wake ni ule ule wa manjano?

---

Mwana wa Chumbageni

Mviringo kamili, kama umepitishwa mashine, ila chini kuna mikwaruzo ya kuzunguka. Uso si tambarare. Pamebonyea, tena si katikati. Bonde lake limeegemea upande mmoja, karibu na shimo moja kuliko jingine. Nimekwangua pembeni: manjano.

---

Mchonga Nakshi, Lamu

Allahu akbar. Ndugu yangu, hicho ni kizingiti cha chini cha mlango ule ule wenye mfaa.

Mlango wa kale hauna bawaba. Kila bawa lina kigingi juu na kigingi chini kwenye ukingo wake, na vigingi hivyo huzunguka ndani ya mashimo ya vizingiti. Mashimo yako mawili ndimo yalimosimama mabawa mawili. Yamelika kwa mviringo kwa sababu yamebeba uzito wa mlango mzima na kuuzungusha kila siku. Mikwaruzo ya chini ni mchanga uliosagika chini ya kigingi. Lile tundu la katikati lenye kutu ni la chuma cha kufungia.

Sasa hilo bonde. Hizo ni nyayo za watu. Na sababu ya kuegemea upande mmoja ni mfaa. Mlango unafunguka kwenda ndani, na mfaa umepigiliwa kwenye bawa moja kwa nje ukafunika bawa la pili. Bawa lenye mfaa haliwezi kwenda ndani mpaka la pili litangulie. Kwa hiyo kila siku lilifunguliwa lile lisilo na mfaa, na lenye mfaa lilifunguliwa siku ya harusi, jeneza au mzigo mkubwa. Watu wamepita upande mmoja wa kizingiti tangu mlango ulipowekwa. Ukikisimamisha mfaa wako juu ya kizingiti mahali pake, bonde litaangukia upande wa bawa lisilo na mfaa.

---

Mwana wa Chumbageni

Nimefanya hivyo sasa hivi, tumeshika na mdogo wangu. Imekaa sawasawa. Mfaa unaangukia karibu na lile tundu la kutu, na bonde linaanza palepale kwenda upande wa pili.

---

Fundi wa Majahazi, Unguja

Mashaallah. Leo umetufundisha na sisi.

---

Msomi wa Malikale

Hongera. Sasa mfaa na kizingiti vinakuwa vitu vya mlango mmoja, na hiyo inaongeza uzito wa kile inachosema sheria. Visitenganishwe. Fanya haya: piga picha kila kitu mbele, nyuma na pembeni kikiwa na rula kando yake. Andika kila ulichokumbuka: nyumba ilikuwa mtaa gani, ilielekea wapi, ilibomolewa lini, nani alikaa humo kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Maelezo yaandikwe kwa penseli kwenye karatasi iliyofungwa kwa uzi wa pamba, usiandike juu ya mti na usibandike gundi. Kisha wasiliana na Idara ya Malikale, au anzia kwa walio karibu nawe, pale Boma la zamani mjini Tanga kuna makumbusho ya Urithi. Peleka picha kwanza, mzigo baadaye.

Nakuhimiza pia uwafuate wazee wa mtaa huo mapema. Mti unaweza kusubiri. Aliyekuwa akiingia kwa mlango huo akiwa mtoto ana umri mkubwa sasa.

---

Soko Huria

Nimesoma mpaka hapa. Sheria hiyo yenye mpaka wa 1940 sikuwa naijua, na nina fremu ya namna hiyo nyuma ya duka. Msomi, nakuja kwenye ujumbe wa ndani.

---

Bibi wa Mwembe Tayari

Mwana wa Chumbageni, na ile faroma? Kama hapo kwenu kuna anayeshona kofia bado, mpelekee aitumie. Hiyo haina nakshi ya kulindwa, ina kazi.

---

Mwana wa Chumbageni

Bibi, yupo mama mmoja mtaa wa pili anashona, nimeshamwonyesha. Amevisha kofia yake juu ya faroma ikaingia bila kusukuma, nimemwachia. Kapi na keekee nabaki navyo mpaka nimpate fundi wa kunitengenezea uta. Kisaga kimerudi barazani, nusu ya bao pia. Picha za mfaa na kizingiti nimeshapiga kama alivyoelekeza Msomi, na kesho asubuhi naanza kwa wazee wa mtaa kabla sijaenda Boma.

Dampo nimerudi. Vijana nimewaambia wakiona mti wowote wenye nakshi, tundu lililolika au sehemu inayong'aa wauweke pembeni, nitaununua kwa bei ile ile ya kuni. Mtalawanda wa pili umepatikana, msuruaki wake umekatika.